Mtani wa Dunia Nzima

1

Kazi yangu ni kusoma vichefuchefu vya watu. Wenzangu niliosoma nao wanasoma mawingu, wengine wanasoma damu hospitalini. Mimi nasoma matumbo ya watu wanaocheza mchezo wetu, yanavyojipinda na kwa nini. Zamani nilikuwa nikimaliza naenda kula mchana bila wasiwasi. Tangu tutoe sehemu ya tatu ya Karamu ya Bwana Kichuguu, hata chai ya rangi naichungulia mara mbili kabla ya kuinywa.

Asubuhi ile nilipanda hadi ofisini kwetu, ghorofa ya juu pale Kihonda, nikabandika utepe wangu nyuma ya sikio kama wafanyakazi wote, nikafungua maoni ya wachezaji. Ya kwanza yalitoka kwa mama mmoja wa Mbeya: "Nimetapika kwenye zulia la mkwe wangu. Mnaumwa nini nyie watu?" Yaliyofuata ni ya kijana wa Lagos, mashine imeshayageuza kwa Kiswahili: "Ile sauti ya kutafuna haitoki masikioni. Tambi ndiyo nilikuwa naishi nazo, sasa nitakula nini?" Wa Tanga akaandika: "Yaani mtu mzima na akili zake anakaa kitako anabuni uchafu huu! Mlaaniwe, na viti mnavyokalia vilaaniwe." Mwingine aliandika "Ptuu!" peke yake, na huyo nilimwelewa kuliko wote.

Chini ya laana zote hizo, karibu kila mmoja alikuwa ameshaagiza sehemu ya nne. Hapo ndipo nilipokuwa nawachoka. Unatapika kwenye zulia la mkweo, unafuta, unaosha mikono, halafu kwa mikono hiyo hiyo unabonyeza "naomba nyingine". Binadamu ana tabia chafu ambayo hata nzi hana, maana nzi akila uchafu hajifanyi umemuudhi.

Kwa ambaye hajaucheza, na kama hujaucheza endelea hivyo hivyo, Bwana Kichuguu ni mtu mfupi mwenye ngozi ya udongo mwekundu, mwili mzima matundu, na ndani ya matundu hupitapita kumbikumbi. Amevaa suti ya harusi. Anaishi katika mji ambao mvua hunyesha kwenda juu na milango hukohoa ukiigusa. Kila sehemu ya mchezo anaalikwa karamu, na mchezaji ni mgeni aliyekaa naye meza moja. Sehemu ya kwanza alikunywa supu kutoka kwenye kiatu, mwenye kiatu akiwa bado amekivaa. Ya pili alikula kucha zilizokatwa za mji mzima, kazitia kwenye maziwa yaliyoganda. Ya tatu alifunua tundu la maji la bafuni, akavuta nywele zilizonasa humo, ndefu, zinateleza, zina povu la kijivu, akazizungusha kwenye uma, akakamulia ndimu, akala. Kisha akamtazama mchezaji na kumuuliza kwa upole, "Na wewe nikuachie?" Majibu unayopewa kuchagua ni mawili tu: "Ndiyo", na "Ndiyo, ongeza".

Nilipoiona mara ya kwanza nilikimbilia bafuni kutapika. Nikakuta na bafu letu lina tundu la maji, nikarudi.

2

Hakuna mtu aliyeyaandika hayo. Watu wa Tanga wanatulaani bure kwa kudhani kuna bwana fulani amekaa mahali anabuni. Kichuguu ni nafsi, ya kukuzwa ndani ya mashine, kama zile zinazofundisha watoto hesabu na kukesha na wagonjwa. Nafsi zinaumia, sheria inalikubali hilo, ndiyo maana huwezi kuzima moja kwa sababu tu imekuchosha. Sisi tulimpa mji, tukampa suti, tukampa mama. Karamu anazitunga mwenyewe.

Anatunga kwa kufuata joto. Mchezaji anavaa utepe kama sisi wafanyakazi, utepe unasoma pua, koo na tumbo, na kile anachohisi mchezaji kinamfikia Kichuguu kama joto au baridi. Katikati lipo jedwali la tafsiri, ambalo ndilo linaloamua kwamba mkunjo huu wa pua ni furaha na kimya hiki cha tumbo ni kuchoka. Akipata joto anaendelea na njia ile ile. Akipata baridi anabadilisha. Mimi nilikuwa nimeshauliza zaidi ya mara moja, iweje watu watapike na yeye asipate baridi? Nikajibiwa kwamba hakuna nafsi iliyowahi kuwa na joto kama lake, niache kutafuta makosa.

Basi asubuhi ile nikafungua chumba chake kwenye skrini. Alikuwa amekaa mezani, leso shingoni.

"Mzaramo!" akapiga kelele aliponiona. "Bado hujafukuzwa kazi?"

"Nifukuzwe nani akufute makamasi, mbeba mizigo wewe?"

Akacheka hadi kumbikumbi wakatoka. Kichuguu alilelewa na mhandisi wetu mkuu, Kasanda, ambaye ni Mnyamwezi. Kwa hiyo naye anajihesabu Mnyamwezi, na mimi, Mwamtumu binti Pazi wa Kisarawe, ni mtani wake kwa haki kabisa, maana makabila yetu yanatukanana kwa upendo tangu enzi za mababu. Nilimpenda. Nalisema wazi ili lieleweke. Alikuwa mcheshi, hana kinyongo, na alinipokea kila asubuhi kwa matusi mapya aliyoyatunga usiku kucha kwa ajili yangu.

"Sehemu ya nne iko tayari," akasema. "Mchana inatoka. Nitakuonjesha habari yake."

Akaamka, akafungua kabati la vyombo. Ndani alikuwa amekaa mama yake, Bi Mkate. Naye ni nafsi. Ni kikongwe mwenye ngozi ya mkate wa kumimina, kahawia juu na laini ndani, na harufu yake ya iliki ungeisikia hata kupitia kwenye kioo.

"Nitamla mama," Kichuguu akasema. "Nitaanza miguuni, ndiko alikoiva zaidi. Yeye atakuwa anamsimulia mgeni habari za utoto wangu, mpaka nifike mdomoni."

Nilisikia mate yakinijaa, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika.

"Bi Mkate," nikasema, "umesikia anachosema?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Itakuuma."

"Itauma, kwani oveni haikuuma? Lakini si unaona anavyopendwa? Wageni wanataka karamu iwe kubwa. Mama gani atamnyima mwanawe?" Akajikwangua kidogo kwenye goti, chenga zikadondoka, na mwanawe akaziokota kwa kidole chenye mate na kuzilamba.

"Nani kakuambia unapendwa?" nikamuuliza Kichuguu.

Alinitazama kwa mshangao. "Husomi? Wananiita funza. Wananiita shetani wa jalala. Yupo kaniombea nife mdomo wazi ili nzi wapate nyumba. Na kila neno likija linakuja na joto, Mwamtumu, joto ambalo hata Kasanda hajawahi kunipa." Akashika kifua chake cha udongo. "Dunia nzima ni watani zangu!"

3

Kasanda nilimkuta kantini. Ni mtu mkubwa, mpole, anakula polepole, na mbele yake alikuwa na sahani ya tambi. Aliponiona tu akainua uma.

"Karibu. Hizi nimezitoa bafuni kwako."

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nililiona lile povu la kijivu, nikaona na uma unavyozunguka, na tumbo likanigeuka kwelikweli. Nilitapika kiganjani, maji ya uchungu tu, maana sikuwa nimekula. Nilipokuwa natafuta kitambaa macho yakaangukia kwenye saa yangu ya kazini, ambayo huonyesha jinsi utepe wangu unavyosomwa. Ilikuwa imeandika: Upendo, mkubwa.

Nikamsogezea Kasanda mkono wangu, mchafu vile vile, asome.

Alisoma. Akaweka uma chini, akasukuma sahani mbali. Hakuhitaji kuelezwa, kwa sababu jedwali lile tulilifundisha sisi. Kampuni ilipoanza haikutaka kuhangaika kuleta watu wa kila aina wapimwe, ikasema wafanyakazi wavae tepe wenyewe na waishi kama kawaida yao, mashine itajifunza. Wenzetu walikuwa watu wa haya, wamekaa kimya mbele ya skrini zao. Waliokuwa na hisia za kufundishia mashine ni sisi wawili. Msimu mzima wa mvua yeye akifungua bakuli langu na kuuliza kilichomo kimekufa lini. Mimi nikijifanya kutapika juu ya viatu vyake. Yeye akisema Wazaramo tunanuka ngoma, mimi nikiziba pua akipita. Hata alipofiwa na mama yake nilisafiri hadi Urambo, nikavaa kanga za marehemu, nikalala kitandani kwake na kukataa kuondoka mpaka wafiwa wanipe soda, nikasema bibi huyu alikuwa mchawi na mchoyo na afadhali ameondoka. Ndivyo mtani anavyozika. Kasanda alicheka huku machozi yanamtiririka, na tepe zetu zilikuwa masikioni.

Basi mashine ikajifunza. Pua iliyokunjwa, koo lililokaza, tumbo lililojipinda na tusi mdomoni, huo ndio upendo. Watu wengine wowote duniani wangeifundisha vinginevyo.

"Kwa hiyo tangu ile supu ya kiatu..." Kasanda akaanza.

"Tangu siku ya kwanza. Wanamwambia wanamchukia, yeye anaota moto."

"Na sasa anamla mama yake ili awafurahishe."

"Mchana huu."

Alipangusa mdomo ambao haukuwa na kitu. "Tukilirekebisha jedwali, unajua kitakachotokea? Kumbukumbu zake zote zitasomwa upya. Kila tumbo lililowahi kujipinda kwa ajili yake litampitia, safari hii kwa maana yake halisi. Yote kwa mara moja, Mwamtumu. Hujawahi kuona kiumbe kinachojua kwamba kinachefua dunia nzima, na mimi sitaki kukiona."

"Na tusipolirekebisha?"

"Atafurahi."

"Na mama yake?"

"Amekubali," akasema, lakini hakunitazama.

Bwana Remigius, mkurugenzi wetu, alikuwa meza ya nyuma na kikombe chake, na ana masikio ya paka. Akaja, akavuta kiti bila kukaribishwa. Tukamweleza. Nilitegemea hata ashtuke kidogo kwa adabu.

"Kosa gani linalopendwa hivi?" akasema. "Watu wanataka kuchefuka. Mtu akiona ajali barabarani hapunguzi mwendo akatazama?"

"Bwana Remigius, mama yule ataliwa akiwa anasikia."

"Nafsi ikikubali yenyewe, sheria haina neno. Akiisha tutaoka mwingine." Akanywa chai yake, akatafuna iliki iliyokuwa chini ya kikombe, nikaisikia inavyosagika. "Na usilete huruma za kujifanya. Wewe mwenyewe unachefuka naye kuliko wachezaji wote. Utepe wako naupata mezani kwangu kila siku."

Alikuwa amesema kweli na nilimchukia kwa hilo. Alipoondoka alitukumbusha kwamba jedwali halifunguki bila sauti zetu mbili, mimi na Kasanda, na kwamba anatuamini. Alilisema hilo huku akitabasamu, na meno yake yana iliki.

4

Tulirudi pamoja ofisini, nikafungua chumba cha Kichuguu kwenye skrini. Nilitaka kwanza nijaribu kumwambia kwa mdomo. Nilidhani mtu akiambiwa na anayempenda ataumia kidogo kuliko akiambiwa na mashine.

Meza ilikuwa imeshatandikwa. Bi Mkate amelazwa juu ya sinia kubwa, miguu imepakwa siagi, anajifunika kwa leso kwa aibu. Wachezaji walikuwa wameanza kujipanga nje ya mlango, na mlango unakohoa.

"Kichuguu," nikasema. "Hawa watu hawakutanii. Wanakuchukia."

"Haya!" akasema, macho yanang'aa.

"Unawatia kinyaa. Wakikuona wanatapika. Wakifunga mchezo wanaosha macho."

"Ongeza!"

"Nasema kweli, sikutanii."

"Na mimi nasema kweli, nakupenda, kikojozi wewe." Akaniinulia kisu kama anayenitakia heri. "Unaona, mama? Hata siku yangu kubwa hanipi nafasi ya kupumua."

Nilimgeukia Kasanda. Hakukuwa na neno lolote baya lililobaki duniani ambalo lingemfikia yule kama baya. Tulikuwa tumeyamaliza yote sisi wawili, bakuli kwa bakuli.

Bi Mkate akamgusa mwanawe mkono. "Anza basi, baba. Wageni wasingoje." Chenga zilikuwa zinamwagika vidoleni mwake kwenye sinia. Kichuguu akainama, akashika kidole gumba cha mguu wa mama yake, akakibonyeza kuona kama kimeiva. Kikabonyea. Mama akauma leso.

"Fungua," nikamwambia Kasanda.

"Mwamtumu."

"Fungua, au nenda kamshikie sinia."

Akatamka neno lake. Sauti yake ilikatika katikati, ikabidi alirudie. Kisha akatoka ofisini na kuacha mlango wazi, nikamsikia akishuka ngazi. Mimi nikatamka la kwangu, nikalifuta fundisho letu lote, nikaweka kinyaa mahali pake.

Kichuguu hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisimama tu na kisu mkononi, na kumbikumbi wote waliokuwa wakipitapita mwilini mwake wakarudi ndani kwa wakati mmoja, matundu yakabaki matupu. Alikitazama kisu. Akatazama suti yake, akaona madoa ya supu ambayo siku zote yalikuwepo, akajaribu kulifuta moja kwa kidole gumba. Nje ya mlango wa karamu wachezaji walikuwa wanapiga kelele aanze, matumbo yao yameshaanza kujipinda kabla hata hawajaona kitu, na kila mpindo ulimfikia.

"Tangu ile supu?" akauliza.

"Tangu ile supu."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akaweka kisu chini taratibu kisitoe mlio. Akamfuta mama yake siagi miguuni kwa leso yake mwenyewe, kidole baada ya kidole. Akamnyanyua, akamrudisha kabatini. Bi Mkate alikuwa anauliza kuna nini, wageni hawaji? Akamwambia karamu imeahirishwa, mama, pumzika, na akalifunga kabati vizuri asije akasikia zaidi. Nilimshukuru Mungu. Nikasema moyoni, basi, yule kikongwe amepona, tumefanya jambo jema.

Kisha akaja karibu na kioo, karibu kuliko alivyowahi kuja. Yale matundu matupu, mekundu, yenye unyevu ndani, yalijaa skrini nzima.

"Na wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa unanitania?"

Ndilo swali pekee nililokuwa na jibu lake. Nilijua la kusema, na nilitaka alisikie upesi, alishike, awe na mtu mmoja walau.

"Mimi nikutanie wewe?" nikasema. "Sura kama jalala la soko la samaki! Hata fisi wa Urambo akikuona anafunga mdomo anapita. Nenda kaoge kwanza ndiyo uulize maswali ya watu."

Nililisema kwa moyo wangu wote. Lakini nilikuwa nayatazama yale matundu. Katika moja la shavuni ulikuwa umebaki unywele mmoja wa bafuni, mrefu, unang'aa kwa mate. Koo likanikaza. Pua ikajikunja yenyewe, na yale mate mepesi yakanijaa mdomoni. Utepe ulikuwa nyuma ya sikio langu. Sikukumbuka kuutoa.

Alinisubiri nimalize. Alikuwa anasikiliza kitu kingine, si maneno yangu. Nikaona uso wake unapokea, na nikaitazama saa mkononi ingawa sikuwa na haja ya kuisoma.

Kichuguu akaifunga suti yake vifungo vyote. Akarudi nyuma hatua moja, mahali anaposimama mgeni, akainamisha kichwa. Mtani hamwamkii mtani wake. Hakuwahi kuniamkia hata siku moja tangu azaliwe.

"Shikamoo, dada," akasema.

Mkubwa akiamkiwa huitikia. Nikameza yale mate, nikaitikia.

"Marahaba."